Kosa Katika Maelezo ya Bujiku

Tusekile Mwakalinga alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa ameshafeli mara mbili mtihani wa Kiingereza wa makatibu mahsusi. Mara zote mbili aliangushwa na sehemu ya kusahihisha sentensi. Katika ofisi ya Wakili Eliezeri, Mbeya mjini, hakuna aliyemshinda kwa kasi ya kupiga taipu, lakini mwaka ule wa 1974 bado alikuwa mpiga chapa wa daraja la chini.

Jumamosi mchana alikwenda kusoma kwa Mwalimu Yotamu, mstaafu aliyefundisha watu wazima katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kanuni ya kwanza aliishika upesi: ukiorodhesha vitendo vitatu kwa Kiingereza, vyote vifuate umbo moja. Ukianza na "cooking" na "sewing", usimalizie na "to read". Kanuni ya pili, ya mahali pa kuweka maneno ya sifa, ilimsumbua kwa wiki kadhaa.

Siku moja Mwalimu Yotamu aliacha Kiingereza, akaandika ubaoni: kikapu cha mwanamke kikubwa.

"Nini kikubwa hapo?"

"Kikapu, Mwalimu."

"Na nikiandika kikapu cha mwanamke mkubwa?"

"Mwanamke."

"Umejuaje?"

"Kwa ki- na m-."

"Basi Kiingereza hakina ki- wala m-. Sifa yake humng'ang'ania aliye karibu nayo. Ukiiweka pabaya, inamwangukia asiyehusika."

Mwezi wa sita aliletwa ofisini mfugaji mmoja aitwaye Bujiku, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na familia yake. Alitembea kwa magongo. Alikuwa akivusha ng'ombe barabara kuu karibu na Igawa, jioni kabla giza halijaingia sawasawa, lori likatokea konani, likamgonga na kumvunja mguu. Dereva alikuwa amelewa na hakuwasha taa. Wakili alimsikiliza kwa Kiswahili, akaandika maelezo ya madai kwa Kiingereza, kwa mkono na kwa haraka, akampa Tusekile ayapige. Bujiku alibaki kwenye benchi akisubiri kuweka dole gumba.

Katika mstari wa saba Tusekile alisimamisha vidole. Iliandikwa: "Coming round the bend drunk and without lights, my client was hit by the driver." Aliisoma tena. Kwa sentensi ile, aliyekuja kwenye kona akiwa amelewa, bila taa, alikuwa Bujiku.

Alichukua karatasi, akagonga mlango wa wakili.

"Bwana, mstari huu unasema mteja wetu ndiye aliyekuwa amelewa."

Wakili Eliezeri hakuinua kichwa. "Nimekuajiri upige, sikukuajiri usahihishe. Hakimu ataelewa."

"Hakimu ataelewa, Bwana. Wakili wa dereva hatataka kuelewa."

"Rudi kwenye mashine yako."

Alirudi. Bujiku alimtazama, akauliza, "Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, baba. Narekebisha kidogo."

Alipiga nakala mbili. Ya kwanza aliifuata kama ilivyoandikwa. Katika ya pili alimtanguliza mteja, kisha dereva, na ulevi na taa akavisogeza karibu na dereva. Aliziweka zote mezani kwa wakili. Wakili alizisoma kwa muda mrefu. Aliichana ya kwanza, akamwita Bujiku aje kuweka dole gumba kwenye ya pili. Hakumwambia Tusekile chochote, siku ile wala baadaye.

Kesi ilikwisha mwezi wa kumi, dereva akashindwa. Bujiku alikuja na debe la mchele wa Usangu, akamshukuru wakili kwa kumshika mkono wake kwa mikono yote miwili. Tusekile alimsalimia tu kwa kupita. Bujiku hakujua kuwa kulikuwa na sentensi iliyorekebishwa.

Mwezi uliofuata Tusekile alifanya mtihani kwa mara ya tatu, akafaulu, ingawa swali moja la orodha ya vitendo alilikosa kwa sababu ya haraka. Januari 1976 alipata nafasi ya kufundisha uchapaji Iringa, akaondoka Mbeya kwa basi la asubuhi. Wakili Eliezeri aliajiri kijana aliyepiga kila alichopewa kama kilivyo.