Mnazi wa Gitting

Kitabu nilikinunua mnadani Katesh, kimelazwa juu ya kiroba katikati ya masweta ya mitumba. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na jalada lilisema hii ni riwaya ya Hanang. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimefundisha vitabu vya pwani na vya mijini mpaka nimechoka, sijawahi kufundisha kimoja cha kwetu. Sikupunguziwa hata shilingi na sikuomba.

Sikufika mbali, nikakutana na mnazi. Mnazi, Gitting, ambako Julai tunavaa makoti mawili. Mbele kidogo Mlima Hanang ukawa na theluji. Nimeishi chini ya mlima huo maisha yangu yote; labda theluji ilianguka siku niliyosafiri. Wazee wa Masakta nao waliongea kama masheikh wa Unguja, na msichana wa Balangdalalu alimpikia mchumba wake wali wa nazi. Nikachukua kalamu nyekundu nikaanza kusahihisha kama daftari la mwanafunzi mzembe, na nakiri nilifurahia.

Mwandishi nilimkumbuka. Aliletwa kwetu kutoka pwani, bwana shamba, nilipokuwa darasa la tatu. Alikaa miaka miwili, akailalamikia baridi miaka yote miwili, akahama. Sisi watoto tulimjua kwa pikipiki ya serikali iliyopita bila kusimama. Nchi aliyoiandika ni ile inayoonekana ukiwa juu ya pikipiki.

Katikati ya kitabu kulikuwa na mwanamke aliyefiwa na kichanga, na majirani wakamtupa. Hakuna aliyekwenda kumpa pole. Watu wa huko, aliandika, wana mioyo ya mawe. Nyumba ilikuwa na kinu kilichopasuka mdomo, na mwanamke alivaa sweta ya kijani. Kinu kile nakijua. Mwanamke yule ni mama yangu.

Hapo kicheko kiliniisha. Kwetu enzi hizo, mtoto anayenyonya akifa, wazazi walitengwa. Si kwa chuki. Kifo kilihesabiwa kuwa bado kimewashika, kwa hiyo hawakuingia nyumba za watu, wala mtu hakukanyaga ua wao mpaka miezi ipite. Katekista aliipinga desturi hiyo kila Jumapili. Watu waliitikia amina, wakaendelea nayo. Lakini majirani hawakututupa. Walitupalilia maharage kabla hatujaamka, wakatuwekea kuni mpakani mwa shamba, na ni mimi niliyekwenda kuzichukua. Hayo bwana shamba angeyaonaje?

Kitabu kilisemekana kitapelekwa mashuleni. Sikutaka mtoto yeyote wa Hanang afundishwe kwamba mama yangu alitupwa. Nikamwandikia mchapishaji kurasa nne kali, na kwa sababu barua ilihitaji shahidi, Jumamosi nikaenda Gitting kwa mama.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umebeba kitabu siku ya mapumziko?"

Nikamsomea sehemu ile. Aliendelea kupukuchua.

"Huyo si yule wa pikipiki?"

"Ndiye."

"Soma tena pale pa majirani."

Nikasoma tena, kwa sauti ya dharau ili asinielewe vibaya.

"Hapo hajakosea," alisema.

Nikaanza kumweleza habari za kuni na palizi, kana kwamba yeye hakuwepo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kuni nilikuwa nazo," alisema. "Nilitaka mtu aingie ndani, akae. Ni yeye peke yake aliyeingia. Wewe ulikuwa na baba yako kwenye ng'ombe. Hakujua kwamba ni mwiko, akapiga hodi, akakaa pale, akanywa maziwa. Akaniuliza mtoto aliitwa nani."

"Ukamwambia?"

"Hakuna mwingine aliyeuliza. Wewe umewahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Mdogo wangu aliishi wiki tatu, hata ubatizo hakuuwahi. Nyumbani tulimwita mtoto, na alipokufa hatukumwita tena. Niliona aibu hata kumtazama mama usoni.

Akalitaja jina. Ni jina la Kiiraqw, lugha yetu, la zamani, lililokuwa la bibi yake mzaa mama. Alilitamka polepole, kisha akarudi kwenye mahindi yake. Nililijua mara moja, maana nilikuwa nimelisoma siku tatu kabla.

Nikafungua kitabu nikatafuta ukurasa. Kichanga cha kwenye riwaya kiliitwa jina hilohilo. Nilikuwa nimelizungushia wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nimeandika: *Jina la kubuni. Hakuna mtu wa kwetu anayeitwa hivi.*