Kidole Kifupi cha Glavu

Mama alikubali nikate mashati ya marehemu baba nimshonee blanketi la viraka, kwa sharti moja: cherehani isiyaguse.

"Mimi nilikuwa nayashona na mkono," aliniambia, "na wewe utayashona na mkono."

Nikasema sawa, haraka haraka kama kawaida yangu, bila kufikiria kwamba blanketi la aina hiyo lina tabaka tatu: mashati juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Sindano ikifika katikati inagoma. Unaisukuma kwa kidole, nayo badala ya kutoboa kitambaa inakutoboa wewe. Lakini nilitaka limalizike kabla ya Julai. Baridi ya Elburgon si ya kuchezea, na huo ungekuwa Julai wa kwanza wa mama kulala peke yake.

Nikateremka Nakuru kutafuta subana, kile kikofia kidogo ambacho mshonaji huvaa kidoleni. Muuza vifungo na zipu akanitolea ya chuma.

"Chukua hii, mathe. Haina mtu inakataa."

Ilinikataa mimi. Kila nikiinamisha mkono ilidondoka na kubingirika chini ya makochi, na paka akaifurahia kuliko mimi. Nikarudi kuchukua ya plastiki. Hiyo nayo ilinibana hadi kidole kikavimba. Nilikasirika kweli. Nikaanza kuitazama cherehani ya jirani kwa jicho la wizi.

Asubuhi moja niliingia stoo kutafuta kipande kingine cha blanketi. Glavu za ngozi ambazo baba alivaa kiwandani cha mbao zilikuwa bado kwenye msumari, pale alipozitundika mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Mimi nikazigusa.

Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kifupi. Msumeno ulimkata baba ncha ya kidole hicho kabla sijazaliwa, na kila alipopewa glavu mpya, mama aliikunja ile ncha tupu kwa ndani na kuishona mara mbili, isije ikanaswa tena. Nikaivaa. Pembeni ngozi ilikuwa laini, imezoea mkono wa mtu. Mbele, pale mama alipokunja, ilikuwa nene kabisa.

Jamani! Nilikimbia ndani na glavu ile mkononi, nikanyakua sindano, nikasukuma. Ikapita tabaka zote tatu bila ugomvi. Nikasukuma tena. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni, mama akaja mbio akidhani nimeungua.

"Mum, ona! Inapita! Haiumi hata kidogo!"

Hapo ndipo alipoiona glavu. Furaha ikaniishia mdomoni. Nikaanza kuivua, nikitafuta maneno ya kuomba msamaha.

"Sasa utashona aje na glavu mzima?" akauliza.

Akaichukua, akaketi, akavuta mkasi wangu. Akakikata kile kidole kifupi kwenye shina, polepole, asiharibu mshono. Nilidhani atalia. Badala yake alinishika mkono na kunivisha, akakivuta mpaka kikakaa sawasawa.

"Hii nilimshonea ndio asiumie tena," alisema. "Haya, shona. Baridi inakuja."