Punje Zilizoelea

Niliwahi kuua mti kwa beseni la maji. Najiita mkulima tangu nimalize fomu foo, lakini harufu ya makadamia ikipasuliwa kwa jiwe hunikumbusha mimi ni nani hasa.

Kwetu Kanyakine, mama alikuwa na mti mmoja wa makadamia, alioupanda mwaka alioolewa. Watu wa utafiti walikuja kutafuta mti wa kukatwa vikonyo, vya kupandikizia miche ya wakulima wote wa pande zetu. Wakaufunga wake utepe mwekundu. Kilichobaki ni kuwapelekea kopo moja la punje zilizokauka, wazipime. Wiki hiyo mama alitembea kama mke wa chifu.

Kazi ya kupasua nilipewa mimi, msichana wa darasa la tano, mjuaji kupita umri. Mama alipoenda kuchuma majani chai, niliamua kumfanyia kazi safi. Nani kwetu asiyejua kuchagua maharagwe ya kuchemsha na mahindi, ya muthere? Unayamwaga majini; yanayoelea yameliwa na wadudu, unatupa. Nikazimwaga punje. Karibu zote zikaelea. Nikasikitika, nikawarushia kuku, nikapasua nyingine na nyingine, hadi kopo likajaa zile zilizozama. Nilizifuta kwa leso, moja moja.

Zilipimwa kwenye mkutano wa wakulima, nikiwa shuleni. Mama alirudi akasema tu kwamba mti hauna mafuta, wamechukua wa Mama Karimi, jirani yetu. Utepe aliufungua mwenyewe. Wenzake wa kikundi cha wakulima walimtania mwaka mzima. Mwishowe akaita mtu wa msumeno. Kuni zake tulizipikia hadi nikaingia sekondari, na mimi nilizisifu zilivyowaka vizuri.

Mwaka jana, mama akiwa ameshazikwa, nilienda mafunzo ya wakulima. Mwalimu akamwaga punje kwenye beseni, akachota zilizoelea. Hizi ndizo zimekomaa na kujaa mafuta, akasema, zinazozama hazifai. Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama maji.

Kando yangu alikaa Mama Karimi, ambaye miche ya mti wake imejaa kila shamba, hata langu. Nilimnong'onezea yote, nikitumaini angalau ataniambia nilikuwa mtoto. Akafunga daftari, akanitazama kutoka kitambaa cha kichwani hadi viatu.

"Kwa hivyo mama yako alikata mti mzuri, akabaki na wewe."