Kitambaa Juu ya Mashine ya Gemu

Ipo siku moja pale Ngara mjini ambayo nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka, mwanangu, na nitakusimulia kwa hasira zangu hizi hizi, maana sijaona sababu ya kuzipoza.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Malori ya msaada yalipita kutwa kwenda kambini, vumbi jekundu likiingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Ami yangu Salumu, mdogo wake baba, alikuwa na duka. Mzungu mmoja alipomaliza kazi zake akamwuzia kompyuta yenye gemu za mpira na za magari. Ami akaiweka chumba cha nyuma, vijana wakawa wanapanga foleni mpaka barabarani. Aliyeisimamia ni Melkiori, kijana Mrundi wa kambini, mpole, hana maneno na mtu. Mimi nilikuwa msichana ninayelelewa hapo kwa ami, nauza sukari na sabuni upande wa mbele.

Sasa sikia mambo ya nyumba yetu. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, makochi ndiyo usiseme. Mke wa ami akaifumia kompyuta kitambaa cheupe cha maua, kizito, kikafunika sanduku lake lote, kikabakiza kioo tu. Ami akatoa amri kisivuliwe hata watu wakiwa wanacheza, vumbi lisiingie.

Haukupita muda, mashine ikaanza kuzima. Asubuhi inakwenda vizuri, adhuhuri chumba kimejaa, gari linakata kona, pu! Kioo cheusi. Ikipumzishwa inawaka, ikichezewa kidogo inazima tena. Unadhani kuna mtu aliyeweka hata mkono aone ina nini? Thubutu! Ami aliingia akamkunja Melkiori shati.

"Nani kakutuma uniharibie mali yangu?"

"Mzee, sijagusa kitu. Inazima yenyewe."

"Yenyewe! Ina akili hiyo?"

Akamwitia mgambo. Hebu fikiria, mwanangu! Ami alijua tangu mwanzo kwamba yule kijana hana kibali cha kutoka kambini. Alipokuwa anamfaa, alinyamaza. Na kila mtu pale sokoni alijua kwamba mkimbizi akikamatwa mjini bila kibali anaweza kurudishwa ng'ambo, kule kule alikozikimbia risasi. Nikasema, "Ami, tafadhali." Nikaambiwa nirudi kwenye sukari yangu.

Melkiori akachukuliwa. Na mashine? Ikaendelea kuzima vile vile! Mtu mwenye haya angejiuliza. Ami yeye akasema Mrundi kaiachia jini.

Ijumaa mke wa ami akakifua kile kitambaa akakianika. Siku hiyo vijana walicheza mpaka alasiri, mashine haikutetereka. Nikashangaa. Kesho yake kitambaa kikarudishwa, adhuhuri haijafika, pu! Nikapenyeza mkono chini ya yale maua. Lo! Palikuwa pa moto, huwezi kuacha kiganja. Nikakivua, nikachomoa waya wa umeme, nikasubiri ipoe, nikafungua sanduku kwa bisibisi ya dukani. Ndani kuna prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, na juu yake kafeni kadogo ka kuipoza. Kale kafeni kalikuwa kamegandwa na vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za kitambaa, hakazunguki kabisa. Nikapangusa kwa brashi, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka nikapiga chafya. Nilipoiwasha, feni ikazunguka, na ile mashine ikafanya kazi kutwa nzima.

Nikaenda kwa ami mbio kwa furaha, nikijua sasa atakwenda kumtoa Melkiori. Ami akacheka, akasema alhamdulillahi, akaagiza mlango ufunguliwe wateja waingie.

"Na Melkiori, ami?"

"Aa, si mkimbizi tu? Wako wengi."

Bibi yangu, mama yake ami na mwenye nyumba ile, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akausukuma ungo pembeni. "Salumu, mashine imeharibiwa na kitambaa cha mkeo na amri yako. Mbona hukumwitia mkeo mgambo? Mbona hukujipeleka mwenyewe? Inuka utoke nyumbani kwangu, na usirudi bila yule mtoto wa watu!"

Ami alitoka bila hata kuvaa kofia. Alirudi peke yake. Lori la kwenda mpakani lilikuwa limeshaondoka na Melkiori.

Halafu siku ya gulio akaja mama mmoja, miguu imejaa vumbi la njia ya Keza, kule kambini. Akasimama mlangoni, akaniuliza kwa Kirundi, taratibu, "Umwana wanje ari hehe?" Mwanangu yuko wapi? Nikageuka kumtazama ami. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia, ananipungia mkono niseme yeye hayupo! Mtu mzima, mwenye ndevu zake! Mama yule alisubiri barazani mpaka soko likaisha. Melkiori hatukumwona tena.

Sasa wewe. Mkeo amenipigia simu leo. Anasema kompyuta yako ya gemu inazima ukicheza, umeibana ndani ya kabati la tivii, na umemfukuza Editha, binti anayewafagilia, eti kaimwagia maji. Ameondoka analia kurudi kwao Nyamahanga. Uliyaona maji? Uliigusa mashine? Au ulitafuta tu asiye na mtu wa kumtetea?

Nisikilize vizuri. Mashine ikipata moto, ichomoe ipoe. Itoe kwenye kabati ipate hewa. Ifungue, puliza vumbi, tazama kama feni inazunguka. Ikikataa bado, mwite fundi aangalie ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto, huenda imekauka. Hayo yote yafanye kabla hujataja jina la mtu. Na leo hii panda pikipiki uende Nyamahanga, umwombe Editha radhi mbele ya wazazi wake, siyo kwa simu.

Mungu akupe riziki, akupe na haya. Akujalie usije ukafungua mlango wako ukamkuta mama wa mtu amesimama, anamuulizia mwanawe, nawe huna la kumjibu.