Hewa ya Ngege wa Uani

Wiki ya tatu baada ya mazishi, pipa la uani lilianza kunuka mayai yaliyooza. Mama mkwe wangu ndiye aliyesikia harufu hiyo kwanza. Mimi nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi na ndoo yangu ya kuogea, na sikuwa nimenusa chochote.

Mume wangu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi hapa Rumonge. Kutwa nzima alishinda ufukweni, miguu majini, na ungedhani akifika nyumbani hataki kuona maji tena. Lakini alichimba bwawa nyuma ya jiko, kubwa kidogo kuliko kitanda cha watu wawili, akalisakafia kwa saruji na kutia samaki kumi na tisa aina ya ngege. Kando yake, juu ya mawe, akasimamisha pipa la bluu lililojaa kokoto. Pampu ndogo, inayotumia betri ya gari na sola moja juu ya bati, ilivuta maji ya bwawa na kuyamwaga juu ya pipa. Maji yalishuka polepole kati ya kokoto, yakaacha uchafu humo, yakarudi bwawani kwa bomba la chini. Kila Jumapili tukitoka misa alivua shati, akazitoa kokoto zote, akaziosha akiimba nyimbo tulizojifunza utotoni kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla wazazi wetu hawajarudi Burundi.

Alianguka kazini siku ya Jumatatu. Presha. Tulikaa hospitali siku tano, kisha tukarudi na mwili wake.

Watu walilia sana. Mimi nilipanga viti. Nakumbuka vilivyokuwa vya plastiki na vilivyokuwa vya mbao, na wapi tuliviazima. Baada ya wiki mbili nilirudi shuleni kufundisha darasa langu la nne. Nadhani nilifundisha vizuri, kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Basi pipa likanuka, na asubuhi iliyofuata nikawakuta ngege wako juu, midomo nje, wakifungua na kufunga. Watatu walikuwa wamelala ubavu. Niliwatoa kwa ungo na kuwazika kwenye migomba.

Mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama.

“Fukia hii shimo, mwanangu,” alisema. “Iko inaniumiza macho.”

“Nitaosha kokoto kwanza, Mama.”

Sikusema hivyo kwa kuwa nawapenda samaki. Kufukia kulihitaji kutafuta mtu wa kuleta udongo, kupatana naye, kumwelekeza. Kuosha ningeweza peke yangu bila kuongea na mtu.

Niliziosha Jumamosi nzima. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. Harufu ilipungua siku moja, ikarudi. Ngege wawili zaidi wakafa. Ndipo nikashuka ufukweni, kwenye karakana aliyokuwa akifanya kazi mume wangu. Sikuwa nimekwenda huko tangu siku ile.

Mwenzake wa kazi, mzee Mwislamu wa hapa mjini, aliniona kwa mbali akafuta kiti kwa kanzu yake yenyewe.

“Karibu, mama mwalimu. Amahoro?” alinisalimu.

“Amahoro. Samaki wanakufa.”

Hakushangaa kwamba nimesema hivyo kabla hata ya kukaa. Aliniuliza kuhusu harufu, kuhusu pampu, na saa ambayo samaki wanakuja juu.

“Bwana wako alikuwa anajua,” alisema. “Alisema mule ndani ya kokoto kuna vijidudu vinakula uchafu, na vyenyewe vinataka pumzi. Pampu iko dhaifu, maji yanafika yamechoka, hayana hewa. Alikuwa anataka kuweka kitu cha kuvuta hewa, kisichokula umeme.”

“Kitu gani?”

Aliinuka, akachukua kabureta ya mota iliyokuwa imefunguliwa mezani, akaishika karibu na uso wangu.

“Angalia hapa katikati. Pamebana, siyo? Hewa ikifika hapa inakimbia. Ikikimbia inavuta petroli kwenye hiki kitundu. Wewe geuza tu. Maji ndiyo yakimbie, yavute hewa.”

Nilifua nguo za kazi za mume wangu miaka kumi na miwili, na harufu ya petroli haikutoka hata siku moja. Sikuwahi kuona ndani ya kabureta. Niliitazama. Ilikuwa rahisi.

“Tafuta kalamu iliyokwisha wino, ndiyo itabana maji,” alisema. “Na mpira mwembamba. Unao?”

“Ninao,” nikasema, nikamshukuru: “Murakoze.”

Nilikuwa nao nyuma ya mlango wa chumba chetu, ndani ya mfuko tuliorudi nao hospitali. Hakuna aliyekuwa ameufungua. Ndani yake nilikuta kikombe, kitenge, nusu ya sabuni, na mrija wa seromu, ule wa kutundikia dripu, ambao haujatolewa kwenye karatasi yake. Tuliandikiwa miwili, tukanunua miwili. Alitumia mmoja.

Niliichana karatasi kwa meno. Nilikaa kitandani kidogo nikingoja, kwa sababu nilidhani hapo ndipo kilio kitakuja. Sikusikia kitu. Mrija ulikuwa safi, laini, na una kile kigurudumu kidogo cha kupunguza matone. Niliupima kwa mkono, kutoka kidole hadi kiwiko, nikaona unatosha.

Nilikata kalamu kwa kisu cha jikoni, nikaichomeka kwenye mdomo wa bomba linalomwaga maji pipani, nikaizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli hadi ikakaza. Mbele yake niliunganisha kipande kingine cha bomba. Nikaweka msumari kwenye makaa, nikatoboa tundu kwenye bomba, nikaingiza mrija. Nilipowasha pampu, maji yalipanda mrijani yakanirukia usoni.

Nilizima. Nilijifuta. Nikawasha tena, yakanirukia tena. Sikukasirika. Nilikaa chini nikafikiri juu ya kabureta ile, na nikaona kosa: nilikuwa nimetoboa kabla ya mahali panapobana, ambako maji bado yanasukumana. Niliziba tundu hilo kwa kipande cha mpira, nikatoboa jingine baada tu ya kalamu, pale maji yanapotoka mbio.

Mara hii mrija ulivuta. Ulitoa sauti kama mtu anayemaliza uji kikombeni, na maji yaliyoingia pipani yakawa meupe kwa mapovu. Nilizungusha kile kigurudumu: hewa ikazidi, ikapungua, ikatulia. Nilishusha bomba kidogo ili mapovu yaingie kwenye kokoto badala ya kupasukia juu.

Mama mkwe alikuja na kigoda chake. Alitazama bomba, kisha mrija.

“Hiyo mupira iko ya hospitali.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ile yake?”

“Hapana. Ile ambayo haikutumika.”

Alivuta kitenge chake akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Nilimshika mgongo. Nilijua ndivyo inavyofanywa. Aliponyamaza nilikwenda ndani kusahihisha madaftari ya watoto, na kupitia dirisha nilimwona bado ameketi pale, mkono wake mmoja umeshika ukingo wa pipa.

Siku ya tatu ngege hawakuja juu. Siku ya nne pipa lilinuka udongo wenye maji tu, kama mto. Walibaki kumi na wanne.

Ilipokaribia siku ya kuondoa kilio na kumaliza matanga, shemeji yangu anayeishi Kizuka alikuja kupanga chakula. Alichungulia bwawani akasema hao wamenenepa, wangetosha wageni wa heshima, na baadaye shimo lifukiwe. Nilikuwa napepeta mchele.

“Hizo hazitoki,” alisema mama mkwe. “Nunua ndagala sokoni.”

Tukanunua ndagala, dagaa wa ziwani. Watu walikuja, walikula, padri alisali, nikasimama nikasema sentensi mbili za shukrani nilizokuwa nimeziandika kwenye karatasi. Wakaondoka.

Jioni yake tulibaki wawili, tukila maharagwe niliyopika mwenyewe. Nilitia tonge mdomoni, nikalitema mkononi.

“Mama, hii chumvi imezidi.”

“Imezidi siku nyingi,” alisema, akiendelea kula.

“Mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Wewe ulikuwa unakula.”

Nilichukua sahani zote mbili, nikarudisha maharagwe kwenye sufuria na kuongeza maji. Yalipochemka niliyaonja, nikaongeza mengine kidogo. Kisha tukaanza kula upya.