Safari ya Kuwaona Watoto wa Upendo

Tulioondoka nyumbani Jumatatu ile tulikuwa watatu: mimi; mwanangu Elisante, baba yake Upendo, aliyeendesha pikapu; na Mama Elirehema, shangazi wa Anaeli, kijana anayemposa Upendo. Mshenga wao, Mzee Nderingo, alibaki kwangu akingoja jibu.

Sababu ni hii. Jumamosi wakwe walikuja kuposa, binti asionekane. Alipiga simu akasema zamu ni yake, watoto wake wasipolishwa watakufa. Simu ilikuwa kwenye spika. Mzee Nderingo akaweka glasi chini, akauliza ni wangapi. Akajibiwa ishirini na wanne. Sisi tulijua Upendo ni mhandisi wa mambo ya tiba, kasoma miaka mingi, ila hao watoto hatukuwahi kuwasikia. Wakwe wakasimamisha posa mpaka shangazi akaone kwa macho yake.

Saa mbili asubuhi tuliteremka kupitia Tengeru. Njiani Mama Elirehema aliuliza mara mbili Upendo alipokuwa masomoni ng'ambo alikaa na nani. Nikamjibu, na vitabu.

Saa tatu tulifika getini kazini kwa Upendo, mjini Arusha. Kwenye daftari la wageni Elisante akaandika tumekuja kuona watoto. Mlinzi akasema hapa hapana mtoto.

"Ndivyo wanavyofichwa," Mama Elirehema akaniambia.

Upendo alitoka akatuamkia, kisha akatuvisha makoti meupe na kofia za nailoni juu ya vilemba. Mkungu wa ndizi niliombebea ukakataliwa mlangoni. Ndani akafungua kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, akatoa vipande vya plastiki angavu, kila kimoja sawa na kidole gumba. Akasema hao ndio watoto, ndivyo wanavyowaita kazini. Ndani yake mna vijia vyembamba kama uzi, na humo wamepanda chembe hai za ini, zinapitishiwa maji ya chakula kama damu.

"Ini la nani?" akauliza shangazi.

"La mtu aliyekubali kutoa kipande alipopasuliwa. Tunalinywesha dawa kabla ya watu. Likidhurika hili, mgonjwa amenusurika."

Mama Elirehema akachungulia kwenye hadubini muda mrefu.

"Ukiolewa utawaacha?"

Upendo alikuwa akiwalisha kwa kamrija, tone kwa tone. Hakuinua macho.

"Hapana, Shangazi. Anaeli anajua. Mkinikataa nitaumia, lakini siwaachi."

Nikajua posa imekwenda. Nikataka kumtetea, shangazi akanishika mkono.

"Mwache amalize, Mama Elisante. Mtu hasemeshwi akiwa anakamua ng'ombe."

Saa nane tulikuwa nyumbani. Mzee Nderingo akauliza habari.

"Nimewaona," akasema Mama Elirehema. "Ni ishirini na wanne kweli, na hakuna hata mmoja mwenye baba."

Elisante akamwaga chai.

"Na wote wameshiba. Mlitaka mke anayeacha wenye njaa aje kula pilau na ninyi? Pangeni siku nyingine, isiwe ya zamu yake."

Nilichojifunza ni kwamba ini ni jepesi kuua na gumu kulea, nanyi mnaomeza dawa za kuokota mjue hivyo. Kama nimekosea saa, au hesabu ya watoto, aliyekuwepo anisahihishe. Majina sijakosea.