Mchezo wa Redio Uliokatwa

Kila ninaposhika betri iliyopata joto la jua, narudi Dabani, uani kwa shangazi. Betri za redio zilipokaribia kwisha, tulizianika kwenye bati pamoja na mihogo, zikapata nguvu ya kutosha mchezo mmoja wa Alhamisi jioni. Juma moja, mama wa mchezoni aliyenyang'anywa mtoto na mama mkwe wake alikuwa amefika mahakamani. Wanawake wote pale uani waliacha karanga zao ili wasikie hukumu.

Mtangazaji akasema mchezo umekoma, kisha akapiga muziki wa bendi.

"Sasa hii mtoto anabaki kwa nani?" jirani akauliza, karibu kulia.

"Sisi ndio tutaamua," shangazi akasema, akaizima redio. "Wewe uwe mama mkwe. Sura unayo."

"Sura yangu imekukosea nini, dada?"

Tulicheka mpaka shangazi alipokalia kinu kilichopinduliwa na kuwa hakimu. Mama yangu akasimama mbele yake kama mama aliyenyang'anywa, nami nikawa mtoto. Nilipoulizwa nataka kwenda na nani, nilijibu, "Mama!" kwa sauti ambayo hata watu wa redio wangeisikia.